Mavyaa Aliponifundisha Wahedi wa Sitini

Nilikuwa na miaka kumi na minane, au labda kumi na tisa, maana hakuna aliyeandika, nilipoolewa Bagamoyo. Ilikuwa miaka michache kabla Wajerumani hawajapandisha bendera yao pwani kwetu. Nilitoka Kerege, mwendo wa nusu siku kwa miguu, ambako baba yangu alilima mpunga na muhogo, na sisi wasichana wake tulijua kutwanga, kusuka ukindu na kufukuza nguruwe shambani. Mume wangu alikuwa mwandishi wa misafara. Alifuatana na wafanyabiashara kwenda bara na kuwaandikia barua zao. Alikaa nami siku arobaini baada ya harusi, kisha akapata safari ya Unyanyembe, akaniacha na mama yake.

Huyo mama, mavyaa wangu, alikuwa mwanamke mrefu, mweupe wa meno, aliyelelewa Unguja katika jumba la watu wakubwa. Hakunitesa hata siku moja. Hakunitukana, hakuninyima chakula, hakunisengenya kwa majirani. Ila hakuongea nami. Asubuhi nilimwambia, "Shikamoo, mama," akaniitikia, "Marahaba," na baada ya hapo maneno yetu yalikuwa ya kazi tu. Weka pale. Ongeza maji. Mchele huu una chuya. Mimi nami nilikuwa naona haya ya lugha yangu, kwa sababu nilichanganya Kizaramo kila nilipobabaika, na yeye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama uzi. Kwa hiyo tuliishi hivyo, wanawake wawili katika nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu na ua, kila mmoja akisikiliza nyayo za mwenzake.

Masika ilipoanza, mavyaa aliteleza kisimani uani akaumia goti. Nilimwita mganga wa kuunga mifupa, mzee wa Kikwere kutoka Makurunge, akaja na vijiti vyake na majani, akalifunga lile goti, akasema mfupa haukuvunjika ila mama asikanyage chini mpaka atakapokuja kulifungua mwenyewe.

"Lini?" mavyaa akauliza.

"Mwezi ukiandama, na mwingine ukiandama."

Mavyaa akamtazama kama mtu aliyeuziwa kitambaa kibovu. Alikuwa hajazoea kulala mchana. Siku tatu za kwanza alinituma kila dakika, lete hiki, rudisha hiki, na siku ya nne alinyamaza kabisa akageukia ukutani, jambo lililonitisha zaidi kuliko kutumwa.

Siku ya tano wakaja majirani zetu. Nyumba ya kushoto kwetu ilikuwa ya Mhindi Bohora mwenye duka la nguo, na mke wake alikuwa shoga wa mavyaa tangu zamani. Alikuwa mnene, mcheshi, na alisema Kiswahili cha haraka ambacho hakikungoja pumzi. Alifuatana na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwembamba aliyetafuna tambuu muda wote na kusema kidogo. Walikaa mkekani karibu na kitanda, wakamjulia hali mgonjwa, wakanywa kahawa niliyowapelekea. Kisha mke wa Bohora akaingiza mkono chini ya shali yake akatoa furushi dogo la kitambaa chekundu.

"Shoga, nimekuletea dawa," alisema.

Mavyaa alikaa kitako. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuinua kichwa. "Utacheza na nani? Tuko watatu."

Ndipo nikajua kwamba kabla sijaja, mavyaa alikuwa na dada yake hapo nyumbani, na kwamba wanawake hawa wanne walicheza karata kila Alhamisi, miaka na miaka, mpaka yule dada aliporudi Unguja kwa binti yake. Tangu hapo furushi halikufunguliwa.

"Huyu hapa," mke wa Bohora akanielekezea kidevu. "Ana macho, ana mikono."

"Hajui," mavyaa akasema.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda ni zile siku tano za kumtazama mtu akigeukia ukutani. Nilisema, "Nikifundishwa nitajua, mama."

Mavyaa akanitazama usoni. Kisha akamwambia shoga yake, "Njooni Alhamisi ijayo. Karata ziache hapa."

*

Alianza kunifundisha kesho yake asubuhi, baada ya uji. Mchezo wenyewe unaitwa wahedi wa sitini, na nitaueleza hapa kama alivyonieleza yeye, kwa sababu sijapata mwalimu mwingine aliyejua kufundisha hivyo.

Alizitandaza karata zote kitandani. Akaniambia nitoe nane zote, tisa zote na kumi zote, niziweke kando. "Hizo si zetu. Zilizobaki ni arobaini. Zipange." Nikazipanga kwa aina zake nne: kopa na uru, ambazo ni nyekundu, shupaza na pau, ambazo ni nyeusi. Kila aina ina karata kumi.

"Mkubwa wao wote ni ree," akasema, akinionyesha ile yenye alama moja tu katikati. "Ree ni kumi na moja. Anayemfuata ni saba. Saba ni kumi."

"Saba ni kumi?"

"Saba ni kumi. Usibishane na karata. Kisha wazungu." Hizo ni zile zenye picha za watu. Yule mwenye taji na ndevu aliitwa mzungu wa nne, kwa kuwa thamani yake ni nne. Kijana ni mzungu wa tatu. Mwanamke ni mzungu wa pili.

Nilimwangalia yule mwanamke mwenye ua mkononi. "Mbona saba, ambayo ni vidoti tu, inampiga mwenye taji? Na mbona mwanamke amewekwa chini ya kijana?"

"Walioileta ndivyo walivyopanga," akasema mavyaa. "Wareno, sijui nani. Mimi ningempandisha." Alisema hivyo bila kucheka, na mimi sikujua kama naruhusiwa kucheka, nikajikaza.

Zilizobaki, kuanzia sita kushuka hadi mbili, ziliitwa garasa, hazina thamani yoyote. Ukizijumlisha zote zenye thamani unapata mia na ishirini, na anayefikisha sitini na moja ndiye aliyeshinda. Jina la mchezo linatoka hapo, kwa kuwa wahedi ni moja kwa Kiarabu. Hapo ndipo nilipokwama. Nilijua kuhesabu vikapu vya mpunga, lakini kujumlisha kumi na moja, na kumi, na tatu, na mbili, kichwani, huku watu wanatupa karata, ilikuwa kama kuambiwa niruke ukuta. Mavyaa hakunikaripia. Alinituma nilete ule mfuko wa komwe za bao wa mume wangu, akazimwaga kwenye sinia. Kila nilipokula karata zenye thamani nilisogeza komwe kwangu. Siku mbili tulifanya hivyo. Siku ya tatu akaondoa sinia.

"Sasa zisogeze kichwani," akasema. Na kweli, nilipofumba macho niliziona.

Namna ya kucheza ni hii. Kila mtu anagawiwa karata tatu. Inayofuata inafunuliwa, na aina yake ndiyo turufu, yaani aina inayozipiga nyingine zote. Rundo lililobaki huwekwa juu ya ile turufu, ikichungulia nusu. Wanacheza wawili kwa wawili, na wenzi hukaa wakitazamana. Mmoja anatupa karata, wengine wanafuata, na si lazima ufuate aina yake. Ikiwa hakuna turufu iliyotupwa, anakula mwenye karata kubwa ya aina ile iliyoanza. Ikiwa ipo, anakula mwenye turufu kubwa. Aliyekula anaokota ya kwanza kutoka rundoni, wengine wanafuata, na yeye ndiye anayeanza tena. Rundo likiisha mnamaliza zilizo mikononi.

"Basi?" nikauliza.

"Basi. Mtoto wa miaka saba anaweza. Kazi ni kujua nini kimeshatoka na nini bado, na mwenzio ana nini."

"Nitajuaje mwenzangu ana nini, nami sioni karata zake?"

Mavyaa akafunga jicho lake la kushoto, polepole, kisha akalifungua. Nilidhani ameingiwa na mdudu.

"Hiyo," akasema, "ni ree ya turufu."

Kuongea wakati wa mchezo ilikuwa mwiko, lakini ishara ziliruhusiwa, mradi uzipitishe bila wapinzani kukuona. Jicho la kushoto lilikuwa ree ya turufu. Ulimi ukisukuma shavu, saba ya turufu. Bega likipanda, mzungu. Na kama huna kitu mkononi, ni garasa tupu, unashusha mdomo wa chini kidogo, hivi, kama mtu aliyeonja ndimu. Mavyaa alizifanya zote kwa wepesi wa ajabu. Uso wake, ambao kwa miezi miwili niliuona umefungwa kama duka la Ijumaa, ulikuwa na mambo yote hayo ndani yake.

*

Alhamisi ya kwanza tulishindwa vibaya. Aliyeshindwa alipaswa kupika visheti na kuwapelekea washindi, na hilo ndilo lililokuwa dau letu siku zote, kwa sababu mavyaa hakutaka kusikia kamari nyumbani mwake. Nilitupa saba ya kopa mbele ya yule wifi, ambaye aliila bila hata kusimamisha tambuu mdomoni. Nilitumia turufu kubwa kula garasa. Na ishara za mavyaa sikuziona hata moja, kwa kuwa nilikuwa nimekodolea macho karata zangu kama zitatoroka.

Jioni nilikanda unga wa visheti. Mavyaa aliniita kutoka kitandani.

"Unajua tatizo lako?"

"Sijui kucheza, mama."

"Kucheza unajua. Hesabu yako ni nzuri kuliko ya dada yangu. Tatizo lako ni uso. Nakutazama nijue una nini, naona ukuta. Hausemi kitu."

Nami, unga mpaka kwenye viwiko, nikajikuta nasema, "Na wako je, mama? Tangu nimekuja hapa nautazama kila siku, nami naona mlango una komeo."

Nilipomaliza kusema nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitambua, kama mtu anayekohoa, nikageuka haraka nikidhani anapaliwa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika goti lake na kusema, "Aa, mguu wangu, mwanangu, usinichekeshe." Lile "mwanangu" lilimtoka hivihivi, katikati ya maumivu. Nafikiri hata yeye hakulisikia. Mimi nililisikia.

Wiki ile tulifanya kazi ya uso. Nilipokuwa nachambua mchele aliniita ghafla, "Saba ya turufu!" nami nikasukuma ulimi shavuni. Nilipokuwa nachota maji alipiga makofi kitandani kwake karibu na dirisha, nikigeuka nakuta bega limepanda. Kidogo kidogo nikawa namwona hata asipofanya ishara. Nilianza kujua kwamba akikunja kidole gumba ana usingizi, na kwamba akitazama mlango wa ua sana anamfikiria mwanawe.

Siku moja akaja kumjulia hali mama mmoja wa mtaa wa pili, mwenye maneno mengi. Alikaa tangu baada ya adhuhuri. Alitueleza ndoa za watoto wake sita, mmoja mmoja, na mahari, na nani alivaa nini. Mimi nilikuwa nimekaa chini kwa adabu, mikono mapajani. Alipofika kwa mtoto wa tano, nilimtupia jicho mavyaa. Alikuwa anamsikiliza mgeni kwa heshima zote, kichwa kimeinama kidogo. Kisha, bila kugeuka, akashusha mdomo wa chini. Garasa tupu.

Nilinyanyuka nikasema nakwenda kuangalia moto. Nilifika jikoni nikaziba mdomo kwa kanga, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Niliporudi na kahawa ya mgeni, mavyaa aliniuliza, kwa sauti ileile ya upole, "Moto unawaka vizuri?"

"Unawaka sana, mama."

*

Alhamisi ya nne ndiyo ninayoikumbuka karata kwa karata. Mvua ilikuwa imekatika, na tulikaa kwenye chumba cha mbele, mavyaa kitandani na mito mgongoni, sisi watatu tumemzunguka, mimi upande wa miguuni nikitazamana naye. Mchezo wa mwisho turufu ilikuwa uru. Majirani walikuwa mbele. Kwa hesabu yangu walikuwa na hamsini na nne, sisi ishirini na nne, na kila mtu amebakiwa na karata mbili. Walihitaji saba tu.

Ndipo ikaadhiniwa alasiri.

Sheria ya mavyaa ilikuwa moja: adhana ikisikika, karata zinafunikwa palepale. Tulizifunika. Majirani walivuka kwao kuswali, mimi nikatawadha uani, mavyaa akaswali kwa kukaa. Nilijitahidi kuikaza niya yangu kwenye sala, lakini kati ya rakaa na rakaa niliziona zile karata zangu mbili: sita ya uru, yaani turufu ndogo isiyo na thamani, na saba ya pau, ambayo ni kumi. Baadaye mavyaa aliniambia kwamba naye alikuwa hivyohivyo. "Nilimwomba Mungu msamaha katika sala ileile," alisema.

Walirudi. Ilikuwa zamu ya yule wifi kuanza, mimi nifuate, kisha mke wa Bohora, na mavyaa awe wa mwisho. Kabla hawajafunua karata mavyaa akasema, "Binti, huu mto umeteleza." Nilinyanyuka kuuweka sawa, na nilipoinama usoni kwake, akafumba jicho la kushoto.

Ree ya turufu. Alikuwa nayo tangu lini, sijui.

Nikarudi kukaa. Wifi akatupa ree ya kopa. Kumi na moja, mbele yangu kabisa, na mimi nina turufu. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kuipiga kwa ile sita ya uru niile. Nilishaishika. Kisha nikajiuliza, nikiitumia sasa, saba yangu nitaificha wapi? Itabaki peke yake mkononi bila mlinzi, na raundi ya mwisho nitaitupa mbele ya yeyote. Lakini kama mavyaa ana ree ya turufu na ni wa mwisho kutupa, basi chochote kinachowekwa hapo ni chake.

Nikaweka saba ya pau.

Mke wa Bohora alipiga kelele ya furaha. "Haya, mtoto ametupa kumi bure!" Na ili awe na hakika kabisa akaongeza turufu juu yake, mzungu wa nne wa uru. Kisha wote tukamtazama mavyaa. Alijikuna shingo. Aliuliza kama kuna mtu anayetaka kahawa. Halafu akaweka ree ya uru juu ya karata zote, taratibu, kwa ncha za vidole viwili.

Thelathini na sita kwa mkupuo mmoja. Karata yake ya mwisho ilikuwa garasa ya shupaza, lakini haikuwa na neno, kwa kuwa mimi bado nilikuwa na ile sita ndogo ya uru, na hakuna aliyebaki na turufu nyingine. Niliila raundi ya mwisho pia. Sitini na sita.

Yule wifi, kwa mara ya kwanza, alitema tambuu yake kwenye chombo akazungumza sentensi nzima. "Mlisemezana," akasema.

"Hatukufungua mdomo," mavyaa akajibu. "Muulize shoga yangu. Mlisikia neno?"

"Mlisemezana," akarudia, na akatabasamu, meno yote mekundu. Jioni wakaleta visheti sinia nzima, vimemwagiwa sukari, na tulivila wawili mpaka tukashindwa kula wali.

*

Goti lilifunguliwa, mavyaa akaanza kutembea na fimbo, na Alhamisi zetu zikaendelea. Kisha, kipupwe kilipokwisha kupita na njia ya bara kukauka, misafara ilianza kushuka, na mpagazi mmoja akaleta habari sokoni kwamba msafara wa mume wangu ulipatwa na ndui huko Ugogo. Wengine walikufa, wengine waliachwa njiani. Jina la mume wangu hakulijua. Alijua tu kwamba kulikuwa na mwandishi, na kwamba mwandishi hakuwa pamoja nao walipoondoka.

Mavyaa alilipokea jambo hilo kwa kunyamaza. Nilidhani tumerudi kule tulikotoka. Majirani walikuja Alhamisi, hakuna aliyegusa furushi, wakakaa, wakasoma Yasini pamoja nasi, wakaondoka. Siku zikapita. Nilipika, alikula vijiko viwili, nikala vijiko viwili.

Alasiri moja akasema, "Leta karata."

"Tuko wawili, mama."

"Wawili wanaweza. Mikono inataka kazi."

Nikagawa. Tulicheza bila kuhesabu, karata zinakwenda na kurudi, hakuna aliyejali nani kala nini. Katikati ya mchezo nikainua macho. Mavyaa alikuwa ameziteremsha karata zake mapajani, ananitazama. Akashusha mdomo wa chini. Hakuwa anatania. Hakuwa na kitu, na alikuwa ananiambia, na hakujua namna nyingine ya kuniambia. Nikasogea kitandani nikamshika mkono, nami nikashusha mdomo wangu. Tulikaa hivyo mpaka jua lilipotoka ukutani. Nilikuwa na hofu kama yeye, lakini nakumbuka vizuri kwamba sikuwa mpweke, na kwa mtu aliyeolewa mbali na mama yake hilo halikuwa jambo dogo.

Barua ilifika baada ya wiki tatu, na msafara mwingine. Mavyaa aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata herufi. Mume wangu alikuwa Mpwapwa. Hakupata ndui. Aliumwa mguu, akaachwa apone, na angeshuka na wafanyabiashara watakaopita. Mavyaa alifika mwisho wa barua akaanza upya. Aliisoma mara nne, na mara ya nne akaisoma kwa sauti kubwa sana, nafikiri ili nyumba ya kushoto wasikie, kwa sababu mke wa Bohora alikuja mbio bila shali akapiga vigelegele mlangoni.

Mume wangu alirudi amekonda, anachechemea, ndevu zimeota ovyo. Mama mtu alimpokea kwa machozi na kwa maagizo, oga kwanza, kula kwanza, kaa hapa. Baada ya siku chache, tulipokuwa peke yetu, aliniambia jambo alilokuwa amelifikiria njia nzima.

"Najua mama yangu si mwepesi," alisema. "Nilikuacha naye nikiwa na wasiwasi. Kuna kiwanja kule karibu na msikiti wa juu, nimeshazungumza na mwenyewe. Nitakujengea nyumba yako, upumue."

"Nani kakwambia sipumui?"

Alinitazama. Nikamwambia sitaki kiwanja. Nikamwambia kama ana nguvu za kujenga, ajenge chumba hapa uani, chumba kipana, chenye mwanga.

"Amekulisha nini mama?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

Ningemwelezaje? Chumba kilijengwa kiangazi kile, cha mawe na chokaa, na mavyaa alikaa juu ya kigoda katikati ya ua kutwa nzima akigombana na fundi. Fundi alitaka dirisha dogo, upande wa ukuta wa ua, mvua isiingie. Mavyaa alitaka kubwa, upande wa mashariki, jua la asubuhi liingie. Mvua na iingie, alisema, sisi si chumvi. Fundi akanigeukia mimi, akiwa amechoka, akaniomba nifanye uamuzi, kwa kuwa chumba kilikuwa changu. Nikasema afuate alivyosema mama. Na dirisha likawekwa mashariki, kubwa, na masika ya mwaka uliofuata maji yaliingia kama tulivyoambiwa, tukayapangusa wote wawili kwa vitambaa, tukiwa tumepiga magoti sakafuni.